Lupango na Kiwanja

Kikao cha wazazi kiliitishwa saa tatu asubuhi, kikaanza saa tano kasoro robo. Hakuna aliyeshangaa. Tulibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakitafuta pa kukaa, tukisoma yale yaliyochongwa kwa ncha ya kompasi miaka nenda miaka rudi: majina ya wapenzi, namba za mgongoni za wachezaji wa timu ya Mazembe, fomula moja ndefu ambayo bila shaka ilimwokoa mtu siku ya mtihani. Ajenda iliandikwa ubaoni kwa chaki. Pointi za periodi ya kwanza. Prime ya walimu, yaani nyongeza ya mshahara inayotoka kwa wazazi. Nidhamu. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kidogo: mengineyo.

Nimehudhuria vikao vya kutosha hapa Lubumbashi kujua kwamba jambo lililotuleta hukaa kwenye mengineyo.

Saa saba mchana, akina mama wengi wakiwa wameshaondoka kwenda kufungua meza zao sokoni, prefe, mkuu wa shule, alisimama, akafuta miwani, akasema kuna mfanyabiashara aliyeomba kujenga maduka ndani ya ukuta wa shule, upande wa barabara, mlango ukitazama nje. Maduka tisa. Atalipa kodi kila mwezi, na kodi hiyo itaezeka upya jengo la mwaka wa sita, lile ambalo mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza kwa sababu bati ndizo zinazofundisha. "Tutapoteza mita chache tu za kiwanja," akasema. Akatuomba tunyooshe mikono.

Nitarudi kwenye mikono hiyo. Kwanza niseme kiwanja hicho ni kipi.

Kwetu watu hawasemi sana shule ya serikali. Tunasema masomo ya Leta. Leta ni ile *l'État* ya Wabelgiji iliyopita kinywani mwa babu zetu ikatoka imenyolewa hivyo. Nilisoma pale miaka sita, kuanzia 1993 hadi 1999, na leo binti yangu anasoma palepale. Shule siitaji. Ukidhani umeitambua, kuna nyingine nne zinazofanana nayo kama mapacha: majengo marefu ya matofali ya kuchoma, baraza yenye nguzo, miti ya jakaranda inayomwaga maua ya zambarau wakati masomo yanapofunguliwa, na katikati, kiwanja. Kiwanja kikubwa kweli, cha udongo mwekundu, kilichopimwa enzi ambazo ardhi ya mji huu haikuwa na bei.

Shule nyingi za umma hapa Kongo zina kanisa nyuma yake. Tangu makubaliano ya 1977, Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu wanaendesha shule ambazo Leta inalipa walimu wake. Shule ya namna hiyo ikiguswa ukuta, kuna paroko au mchungaji atakayepiga kelele. Yetu haina mtu. Ni Leta mtupu, na Leta iko mbali.

Mji huu una tabia moja ninayoipenda. Mobutu alipoamuru majina ya kizungu yaachwe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule nyingi za hapa zilibatizwa upya kwa Kiswahili: Imara, Tuendelee, Hodari, Salama, Kitumaini. Watoto wakijitambulisha shule zao mmoja baada ya mwingine, utadhani wanasoma litania. Lakini ukivuka mlango wa darasa, Kiswahili kinabaki nje kama mbwa wa jirani. Masomo ni Kifaransa. Wakati wetu kulikuwa na kibao kidogo chenye kamba. Aliyenaswa akisema Kiswahili alikivaa shingoni, naye alitakiwa amnase mwenzake ili akivue. Wa mwisho kukivaa, saa ya kurudi nyumbani, alibaki kufagia. Kibao hicho kilikuwa na nguvu barazani, kilikuwa na nguvu kwenye ngazi, hata chooni kilifika. Kiwanjani hakikuwahi kufika. Waliojaribu kukipeleka walishindwa, maana hakuna anayeweza kuomba pasi kwa Kifaransa sanifu huku anakimbia. Kule ilikuwa "Letea! Letea huku! Weye, unachungaka nini?" hadi kengele ilie.

Darasani tulikuwa sitini na wanne. Nilichukua kemia-biolojia. Wenzangu walikwenda pedagojia, biashara na uongozi, hesabu-fizikia, kila mtu kwa sababu zake, na mara nyingi sababu ilikuwa kaka yake mkubwa alikuwa na madaftari ya option hiyo. Msidharau sababu hiyo. Vitabu havikuwepo, somo lilikuwa lile ambalo mwalimu aliliimla na sisi tukaliandika. Daftari zuri la mtu aliyefaulu lilikuwa mali. Lilikodishwa, liliibiwa, na nililiona moja likitumika kulipa deni.

Maabara ilikuwa kabati. Kabati la chuma, limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uliondoka na mwalimu fulani aliyehamia Zambia. Mwalimu wetu wa kemia, mtu mpole mwenye koti lililokuwa jeupe zamani, alitufundisha mabadiliko ya rangi kwa mdomo. "Hapa inakuwa ya bluu," anasema, akichora chupa ubaoni. "Sasa ukiongeza hii, inakuwa nyeusi." Sisi tunaandika: bluu, nyeusi. Tuko katika mji uliojengwa kwa sababu ya shaba. Dirishani tunauona mnara wa moshi wa kampuni ya madini ya Gécamines na kile kilima cheusi cha taka za tanuri ambacho kila mgeni anakipiga picha, na bado rangi ya salfeti ya shaba tunaijua kwa imla. Siku moja mwenzetu, ambaye baba yake alifanya kazi kiwandani, akaja na fuwele mbili tatu ndani ya karatasi ya daftari. Bluu ile! Darasa zima tulisimama. Mwalimu alizishika kiganjani, akazisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasahau kusema Kifaransa. "Munaona?" akasema. "Munaona sasa? Njo hii." Nadhani alikuwa hajaziona siku nyingi kuliko sisi.

Yote hayo yalielekea mahali pamoja, nako ni Exetat. Mtihani wa Leta umekuwepo tangu 1967, na nchi hii imebadilisha jina, bendera na sarafu, lakini mtihani haijaugusa sana. Insha ya Kifaransa inaandikwa mapema, wiki kadhaa kabla. Halafu zinakuja siku nne za maswali ya kuchagua jibu, nchi nzima maswali yaleyale. Ukipata asilimia 50 wewe ni mtu. Ukipata 49 mwaka umekufa. Pointi ulizokusanya miaka sita, tabia yako, usafi wako, haya yote yana nafasi yake kwenye hesabu au kwenye bulletin, ile ripoti ya shule, lakini mtaani watu wanauliza swali moja: amepata ngapi? Wakati wetu matokeo yalisomwa redioni. Jina la shule, halafu majina, halafu asilimia, sauti ile kavu isiyojua kwamba kuna mtu kakaa chini ya mwembe ameshika redio kama mtoto mchanga. Siku hizi unatuma namba ya mtahiniwa kwa simu na jibu linarudi. Kisichobadilika ni poda. Aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani hadi kope, na kama poda imeisha dukani, unga wa muhogo unafaa. Julai ni baridi na vumbi katika mji huu. Watoto weupe kama vinyago wanakimbia barabarani, na madereva wanapiga honi.

Mimi nilimwagiwa yangu 1999, nikiwa na 57. Ninaitaja kwa sababu katika familia yetu bado inatajwa.

Sasa kiwanja.

Kila Jumatatu asubuhi tulipanga mistari pale kupandisha bendera. Niliingia mwaka wa kwanza nikiimba wimbo wa Zaire mbele ya kitambaa cha kijani chenye mkono ulioshika mwenge. Aprili 1997 waasi wa AFDL waliingia mjini, Mei 17 Laurent-Désiré Kabila akiwa hapahapa Lubumbashi akajitangaza rais, na siku zilizofuata mkurugenzi wa nidhamu alikuwa akitufundisha *Debout Congolais* mstari kwa mstari, naye mwenyewe akisoma kutoka kwenye karatasi. Wazee waliokuwa wanapita barabarani walisimama kuisikiliza. Wao waliijua tangu 1960. Mlingoti ulikuwa uleule.

Na baada ya bendera, jimu, yaani mazoezi ya viungo. Mwalimu wa jimu ni mtu ambaye ningependa kumwandikia kurasa kumi. Alikuwa na filimbi moja, mpira mmoja na kamba moja. Mpira aliushona mwenyewe. Kamba ndiyo iliyokuwa shule yake: kamba ya katani yenye mafundo, fundo kila baada ya mita moja, na penye mita 11 fundo limefungwa kwa kitambaa chekundu. Asubuhi ya mechi alikuja mapema na ndoo ya majivu aliyoyaomba kwa mama wa vitumbua aliyekaa langoni, akatandaza kamba, akatuita wawili kuishika ncha, akapita taratibu akimwaga majivu kwa kopo lililotobolewa. Chokaa hakuna, yeye ana majivu. Mistari ilikuwa ya kijivu juu ya udongo mwekundu na ilinyooka kuliko mistari ya daftari langu. Upepo ukija kabla ya mechi, alianza upya. Sikumsikia akilalamika. Nilimsikia akisema "Kiwanja bila mistari ni shamba," na akaendelea kumwaga.

Mtu wa mbali anaweza kudhani haya ni mchezo wa watoto. Mtu wa Lubumbashi hawezi, kwa sababu anajua Mazembe ilitoka wapi. Mwaka 1939, watawa wa Kibenediktini waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface waliwaundia vijana wao timu, wakaipa jina la Mtakatifu Georges, msimamizi wa maskauti. Ilikuwa shughuli ya baada ya masomo, basi. Ikabadilisha majina, ikaitwa Englebert kwa jina la kampuni ya matairi, ikawa Tout Puissant, ikachukua ubingwa wa Afrika 1967 na 1968, ikalala usingizi mrefu, ikaamka 2009 na 2010, ikaongeza wa tano 2015. Ile ndege, zile jezi nyeusi na nyeupe, uwanja wa Kamalondo unaotetemesha madirisha ya mtaa mzima, vilianzia kwenye kiwanja cha shule.

Desemba 2010 nilikuwa nafundisha jiografia kwa muda katika shule yangu hiyo ya zamani, nikimshikia mtu nafasi. Mazembe ilikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la vilabu. Siku walipoifunga Internacional ya Brazili mabao 2-0, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali, hakuna aliyelala. Kesho yake, saa ya rekreasyo, yaani mapumziko, nilitoka barazani nikakuta watoto kama mia wamekaa chini kwenye vumbi, miguu mbele, wanarukaruka kwa makalio kama kipa Kidiaba alivyofanya golini. Mia! Suruali za bluu zimekuwa nyekundu. Mkurugenzi wa nidhamu alitoka ofisini na fimbo yake, akasimama, akatazama. Akarudi ndani akafunga mlango. Siku chache baadaye Inter ya Milano ikatupiga 3-0, lakini wale watoto waliendelea kuruka hadi mvua za Januari.

Wasichana walikuwa na upande wao, karibu na ukuta wa barabara. Kumbuka upande huo. Pale ilichezwa nzango. Mistari miwili inatazamana, wimbo unaanza, makofi, wanaruka, na wakitua kila mmoja anatoa mguu. Pointi inakwenda kwa huyu au kwa yule kufuatana na miguu kama imelingana au imepishana. Kwa mtazamaji ni vurugu. Kwa wachezaji ni hesabu ya haraka sana, na waamuzi wake hawadanganyiki. Sisi wavulana tuliiita mchezo wa mama zetu. Baadaye ikapata sheria zilizoandikwa, wachezaji 11 kila upande, na mwaka 2015, kwenye Michezo ya Afrika pale Brazzaville, nzango ikachezwa mbele ya bara zima kama mchezo wa maonyesho. Binti yangu anaicheza. Nilimwomba anifundishe, nikatoa mguu usiofaa mara nane mfululizo, akaniambia, "Papa, weye unafikiriaka sana."

Mengine nayapitia haraka. Kwaya ilikuwepo, Katanga haiwezi kukosa kwaya, hasa ukikumbuka kwamba wanafunzi na walimu wa Kamina walivuka bahari 1958 kwenda kuimba Ubelgiji. Tamthilia ilikuwepo mara moja kwa mwaka, siku ya shule, na siku zote kulikuwa na mgonjwa, mganga na mlevi. Génies en herbe, mashindano ya maswali baina ya shule, yalikuwa na heshima yake: wanne mbele, kengele mezani, na ukijibu mji mkuu wa Burkina Faso kabla swali halijaisha unapata jina la utani litakalokufuata hadi harusini. Na Jumamosi salongo, yaani majembe na mafagio, ambayo kwenye ratiba iliandikwa pamoja na shughuli za kukuza vipaji. Labda. Kipaji changu cha kujificha kilikuzwa pale.

Baadaye shule za binafsi zilichipuka kila mtaa. Zinafunguliwa ndani ya lupango. Msomaji wa mbali, lupango ni kile kipande cha ardhi chenye uzio ambacho familia inajenga nyumba yake: nyumba, choo, mwembe, kisima. Mtu anapanga nyumba ya vyumba sita, anavunja ukuta mmoja, anapaka rangi ya kung'aa, anatundika kibao chenye jina la mtakatifu au la Mzungu mwenye akili, na masomo yanaanza. Sizitukani. Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka huko miaka mitatu, na walimu walikuja kila siku, hata ile miaka ambayo Septemba ya Leta ilianza Oktoba kwa sababu ya mgomo. Darasa lilikuwa na watoto ishirini na wanane. Aliandika Kifaransa kizuri kuliko changu.

Siku moja nilikwenda kumchukua mapema nikakuta darasa lake liko kwenye jimu. Walikuwa kati ya jiko na tangi la maji. Wamesimama mistari minne, wanarukaruka palepale walipo, mwalimu anahesabu, na kila mmoja amekunja viwiko ili asimpige mwenzake. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuna aliyekimbia. Hapakuwa na pa kukimbilia. Mtoto wangu aliniona akanipungia, kwa uangalifu, mkono ukiwa karibu na sikio.

Nilimlipia mpaka akamaliza, sitasema uongo. Lakini mdogo wake nilimleta kwa Leta, na sababu niliyowaambia ndugu zangu ilikuwa pesa, kwa sababu ndiyo wanayoielewa. Sekondari ya Leta nayo inalipwa; ile bure iliyoanza Septemba 2019, kama Katiba inavyosema, iliishia shule ya msingi. Tofauti ya pesa si ndogo, lakini haikuwa sababu yangu. Nilitaka awe na mahali pa kutawanyika.

Ninachotaka kusema ni hiki, na nimekizunguka muda mrefu. Masomo ya Leta yamenyang'anywa karibu kila kitu ambacho mzazi mwenye uwezo anaweza kununua kwingine: vitabu, maabara, walimu wasiogoma, darasa la watoto thelathini. Kimebaki kitu kimoja ambacho tajiri wa lupango hawezi kukinunua hata akiuza gari lake, nacho ni ile ekari ya udongo mwekundu katikati ya mji. Mtoto wa mama muuza bitoyo, samaki wa chumvi, ana kiwanja. Mtoto wa mkurugenzi anaruka kando ya tangi. Ni mahali pekee ninapojua katika mji huu ambapo mizani imelala upande wetu. Na wanaokinyofoa kiwanja hicho wanakuja na mahesabu ya bati.

Narudi kwenye mikono. Nilinyoosha wangu.

Niliunyoosha kwa sababu binti yangu hurudi na madaftari yaliyolowa. Kwa sababu ya njaa pia, ilikuwa saa nane kasoro. Kwa sababu mama mmoja mbele yangu aligeuka na kusema, "Hata tukikatala, batajenga tu," na nikaona ana haki. Na kwa sababu "mita chache" ni neno linalopita kooni bila kukwama. Wazee wawili tu walikataa. Mmoja wao alisema shule ikianza kula kiwanja haitashiba, watu wakacheka, naye akavaa kofia yake akatoka.

Maduka yalijengwa ndani ya miezi mitatu. Sijawahi kuona Leta ikijenga haraka hivyo. Saluni, saruji, vipuri vya pikipiki, umeme wa sola, mawili ya simu, mengine sijui yanauza nini. Bati mpya zimefika jengo la mwaka wa sita, lakini zilikoma kabla ya darasa la mwisho, na sasa wanafunzi wanagombania vyumba. Mita zile nilikwenda kuzipima mwenyewe Jumapili moja, kwa hatua, kwa kuwa kamba sina. Hatua kumi na sita kutoka ukuta wa zamani hadi ukuta wa nyuma wa maduka. Mstari wa pembeni umo ndani ya saluni. Kona nzima moja imo ndani ya duka la saruji, na mahali wasichana walipokuwa wakipanga mistari ya nzango kuna choo cha wenye maduka.

Mwalimu wa jimu alistaafu zamani, anakaa Katuba. Nilimtembelea na chupa ya munkoyo, kinywaji cha mahindi. Macho yamepungua, kamba bado ipo. Ameitumia kufungia mlango wa kuku, na kile kitambaa chekundu cha mita 11 kimekuwa rangi ya udongo. Nilimweleza yote, hata mkono wangu. Alisikiliza akigeuza kikombe. Nilingoja anikaripie kama zamani.

"Bipi magoli," akauliza, "bilibakia?"

Nikamwambia yamebaki yote mawili, ila yamesogezwa.

"Bon," akasema. Akanywa.

Wiki iliyopita nilikwenda kumchukua binti yangu nikasimama chini ya jakaranda kutazama mpira. Walikuwa wanacheza mchanganyiko, wavulana na wasichana, viatu vikiwa alama za mipaka. Mpira ulipiga ukuta wa duka la simu ukarudi ndani, nao wakaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukuta unacheza, kumbe. Ukijua pembe yake unaweza kumpiga mtu chenga kwa msaada wa ukuta, na kuna kijana mmoja mwembamba anaijua. Kisha beki akautoa nje karibu na duka la saruji. Kona. Lakini hakuna aliyekwenda kuipiga. Mtoto mmoja alinyoosha vidole viwili juu, mchezo ukaendelea.

Njiani nikamwuliza binti yangu.

"Ile upande hapana nafasi ya kupiga, Papa. Tunahesabuka tu. Bakona tatu, njo penaliti."

"Nani alisema?"

"Shee wenyewe."

"Na penalti mnapima na nini?"

"Na miguu. Hatua kumi na moja." Akafikiri kidogo, akahamisha mkoba bega la pili. "Timu yenye inapigiwa njo inapimaka. Kwa hiyo tunatumaka mwenye miguu mirefu."